HMS Royal Arthur haikuwa meli, ilikuwa kambi ya likizo

Nimeisikia tena juzi kwenye video moja ya historia ya vita vya pili vya dunia, jamaa anasimulia kwa kujiamini kabisa kwamba mwaka 1940 maelfu ya vijana wa Uingereza "walipanda meli ya HMS Royal Arthur", na picha anayoonyesha ni manowari ya kizamani yenye dohani mbili. Hapana jamani. Mwaka 1940 hakuna mtu aliyepanda hiyo manowari kwa sababu ilikuwa imeshauzwa tangu 1921 ikavunjwe vyuma. Royal Arthur ya vita vya pili ilikuwa nchi kavu, Skegness, mji wa ufukweni mkoa wa Lincolnshire, na kabla ya hapo watu walikuwa wanaenda pale kuogelea, kucheza dansi na kula milo mitatu kwa siku.

Maana yenyewe ni fupi. Kambi ya likizo kwa Waingereza wa wakati ule ni eneo lililozungushiwa uzio karibu na bahari, ndani kuna safu na safu za mabanda madogo ya kulala, kumbi kubwa za kulia chakula, bwawa la kuogelea, ukumbi wa maonyesho, viwanja vya michezo, unalipa mara moja mlangoni kila kitu kimeshahesabiwa humo. Vita ilipoanza Septemba 1939 serikali ikazitwaa kambi hizi, ikatoa watalii ikaingiza wanajeshi wa kufundishwa. Basi, hiyo ndo maana. Kinachosumbua watu ni kwa nini kambi ya mabanda ikaitwa jina la meli.

Ila kwanza niseme kidogo kuhusu hizo kambi, manake kuna wengine wanaziita "hoteli za kitalii" na hilo nalo si sawa. Hazikuwa za matajiri. Aliyezifanya zijulikane ni Billy Butlin, mzaliwa wa Cape Town mwaka 1899, akakulia sehemu Uingereza sehemu Kanada, akapigana vita vya kwanza akiwa jeshi la Kanada, afu akarudi Uingereza akawa mtu wa michezo ya maonyesho, bembea na vigari vya kugongana. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa likizo Barry Island kule Wales, alipoona wageni wanatolewa kwenye nyumba za kulala wageni baada ya chai ya asubuhi na hawaruhusiwi kurudi mpaka jioni, hata mvua inyeshe vipi, familia nzima na watoto inazurura mjini imelowa. Akajenga Skegness, ikafunguliwa Pasaka ya 1936, bei kuanzia shilingi 35 mpaka pauni 3 kwa wiki kulingana na msimu, na hesabu aliyoipigia debe ni kwamba mshahara wa wiki moja unatosha likizo ya wiki moja. Mwaka 1938 akafungua nyingine Clacton, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo, kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani ambaye hajawahi kuiona bahari zaidi ya safari ya siku moja akaanza kupata wiki yake. Mi hapa ndo huwa naona umuhimu wa kusema neno sahihi, ukisema hoteli umeshafuta watu wenyewe ambao mahali pale palijengwa kwa ajili yao.

Sasa fikiria wakuu wa jeshi la majini mwaka 1939. Wana vita, wana vijana maelfu kwa maelfu wanaoingia kwa ajili ya vita tu, makarani, wauza duka, wachimba makaa ya mawe, wanahitaji pa kulala, pa kula na pa kufundishwa, tena haraka. Kujenga kambi mpya kunachukua muda. Na hapo Skegness kuna mahali ambapo jiko limeshazoea kulisha umati kwa zamu, kuna kumbi za kugeuza madarasa, kuna bwawa maana baharia lazima ajue kuogelea, kuna uzio na geti, na reli inafika mjini. Hawakuhitaji kubuni kitu. Wakaichukua mwezi uleule vita ilipotangazwa, rangi za kuvutia zikafunikwa kwa rangi za kijeshi zisizoonekana kutoka angani, vijana wakaanza kufundishwa kwata, mafundo ya kamba, ishara za bendera, taa na Morse (ujumbe wa nukta na mistari), kwa sababu Skegness ilikuwa hasa ya kuandaa watu wa mawasiliano.

Jambo moja hawakuweza kulibadilisha haraka ni kwamba yale mabanda yalijengwa kwa ajili ya majira ya joto tu. Chumba kimoja, vitanda viwili, beseni la kunawia, pazia, ukuta mwembamba, hakuna cha kupasha joto, mana nani anaenda likizo ya ufukweni mwezi wa kwanza. Na Skegness inaangalia Bahari ya Kaskazini ana kwa ana, upepo unatoka huko wote bila kizuizi. Waliopitia pale wakati wa baridi kitu wanachokitaja kabla ya mengine yote ni baridi. Kwa hiyo mtu akisikia "walifundishwa kwenye kambi ya likizo" akadhani walikuwa wanastarehe, huyo naye amekosea.

Haya, jina la meli. Hapa niende polepole.

Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na sheria yake ya nidhamu, na kwa muda mrefu sana sheria hiyo ilimhusu mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la meli ya mfalme. HMS maana yake ni hiyo, meli ya mfalme au malkia. Sasa wewe una baharia wako yuko nchi kavu miezi mitatu anajifunza Morse, hana meli, akitoroka usiku utamshitaki kwa sheria gani? Suluhisho lao likawa kukipa kituo chenyewe hadhi ya meli. Kikapewa jina, kikapewa nahodha, kikafunguliwa daftari, mara nyingi hata kaboti kadogo kakasajiliwa kwa jina hilo ili kisheria meli iwepo kweli, hata kama kazi ya hako kaboti ni kusogeza watu bandarini tu. Kila anayeripoti pale anaandikwa kwenye daftari, na kuanzia hapo sheria inamshika sawasawa na aliye katikati ya Atlantiki.

Wanamaji wenyewe wana jina la vituo vya aina hii, wanaviita manowari za mawe. Na mzizi wake ni wa zamani kuliko Butlin kwa mbali. Mwaka 1804, wakati wa vita na Napoleon, Waingereza walipanda kwenye jabali linalochomoza baharini karibu na kisiwa cha Martinique, linaitwa Diamond Rock, wakavuta mizinga mpaka juu kwa kamba, wakaweka watu wa kuvizia meli za Wafaransa, na lile jabali wakaliingiza kwenye orodha ya jeshi kama meli. Jiwe tupu lakini lina nahodha na mabaharia. Walikaa nalo mpaka katikati ya 1805 Wafaransa na Wahispania walipolitwaa. Kwa hiyo ukisikia manowari ya mawe, mwanzoni yalikuwa mawe kweli.

Na hadhi hiyo ya meli haikuishia kwenye makaratasi, ilishuka mpaka kwenye maisha ya kila siku. Kwenye manowari ya mawe sakafu inaitwa sitaha, jiko linaitwa kwa jina la jiko la melini, saa zinahesabiwa kwa zamu za baharini, na ukitaka kwenda mjini kupiga picha au kuona sinema huendi mjini, unaomba ruhusa ya "kushuka pwani", unajipanga kwenye foleni ukaguliwe kama vile kuna mashua inakungoja, wakati ukweli ni kwamba unatoka getini kwa miguu na barabara iko pale. Ilikuwa mafunzo. Huyu kijana wiki ijayo au mwezi ujao atapangiwa meli ya kweli, lugha na mazoea yawe yameshamkaa.

Inasimuliwa hadi leo kwamba redio ya propaganda ya Ujerumani iliwahi kutangaza kuwa HMS Royal Arthur imezamishwa. Mabomu yalianguka Skegness kweli, lakini kambi haizami. Nadhani ndo maana kuna watu mpaka sasa wanaandika "meli iliyozama".

Skegness haikuwa peke yake. Clacton ilichukuliwa na jeshi la nchi kavu. Filey, kule Yorkshire, ilikuwa bado inajengwa vita ilipoanza, ikamaliziwa kwa ajili ya jeshi la anga. Afu kuna Pwllheli huko Wales na Ayr huko Scotland, na hizi mbili ndo zinachanganya zaidi kwa sababu zilijengwa wakati wa vita kwa ajili ya wanamaji, zikaitwa HMS Glendower na HMS Scotia, Butlin akiwa ndiye mjenzi kwa makubaliano kwamba vita ikiisha atazinunua zije kuwa kambi za likizo. Kwa hiyo huwezi kusema zote zilikuwa za likizo zikageuzwa za jeshi, hizi mbili safari yao ilikuwa kinyume, wanajeshi walitangulia kulala humo kabla ya mtalii yeyote. Mtu akizichanganya zote kwenye sentensi moja amepoteza nusu ya historia.

Na kambi za likizo za kampuni nyingine nazo zilikuwa na mambo yake, mazito zaidi. Ile ya Dovercourt karibu na bandari ya Harwich ilipokea watoto wa Kiyahudi waliotolewa Ujerumani Desemba 1938, kabla hata ya vita, katikati ya baridi, kwenye mabanda yaleyale ya kiangazi. Ya Seaton, Devon, ikawa mahali pa kuwazuilia raia wa nchi adui. Wajerumani nao walikuwa na yao, Prora kwenye kisiwa cha Rügen, jengo la likizo la urefu wa kilomita kama nne na nusu lililokusudiwa watu 20,000 kwa mara moja, halikupokea hata mtalii mmoja kabla ya vita, likaishia kufundishia askari polisi na wasichana wa mawasiliano wa jeshi la anga. Lakini Prora haikuitwa meli, na hiyo ndo tofauti ninayoing'ang'ania. Kutwaa kambi ya likizo walifanya wengi. Kuifanya meli kisheria ni jambo la jeshi la majini la Uingereza.

Tena si jambo la mbali na sisi. Aprili 1942 Wajapani waliposhambulia Colombo, kikosi cha meli za Waingereza cha mashariki kilirudi nyuma kikaja Kilindini, na Mombasa ikajaa hizi "meli" zisizoelea. HMS Tana ilikuwa kituo cha wanamaji pale Kilindini, si meli iliyotia nanga. Shule ya Allidina Visram ilitwaliwa, madarasani wakakaa waliokuwa wakifumbua siri za mawasiliano ya Wajapani, nayo ikaitwa kwa jina la meli, HMS Alidina. Uwanja wa ndege wa wanamaji Port Reitz uliitwa HMS Kipanga, kwa kuwa viwanja vyao vya ndege walipenda kuvipa majina ya ndege wa angani, na kwa desturi hiyohiyo kile cha Nairobi, Eastleigh, kikawa HMS Korongo. Nairobi! Karibu kilomita 500 kutoka baharini. Mtu akikuta HMS Korongo kwenye karatasi za zamani akaanza kutafuta ilizama wapi, atatafuta sana.

Vita ilipoisha Skegness ilirudishwa, ikafunguliwa tena Mei 1946, familia zikarudi kwenye mabanda. Lakini jina halikubaki hapo, na hii nayo inawapoteza watu. HMS Royal Arthur ilihamia Corsham, Wiltshire, ndani kabisa ya nchi, ikawa chuo cha maafisa wadogo wa wanamaji, ndiko Prince Philip alikofundisha miaka ile ya mwisho ya 1940. Kwa hiyo kuna tatu: manowari iliyoshushwa majini 1891, kambi ya Skegness, na chuo cha Corsham. Moja tu kati ya hizo iliwahi kuelea.

Sasa kama unaandaa video, au unaandika habari za babu wa mtu aliyekuwa mwanamaji, au umekuta kwenye karatasi zake jina lenye HMS mbele, tafuta mwaka kwanza, afu tafuta mahali. Ikiwa ni Royal Arthur kati ya 1939 na 1945 hakupanda meli, aliripoti Skegness, kwa hiyo usiweke picha ya manowari, weka ya mabanda, na uandike "alipata mafunzo ya uanamaji Skegness". Meli yake halisi, kama alipangiwa, itafute kwenye mistari inayofuata ya karatasi hiyohiyo.