Kwa nini kamari ina umri wake, wakati hesabu za uwezekano hufundishwa shuleni?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba watoto wanakatazwa kamari kwa sababu hawajui hesabu: wafundishe uwezekano, na hatari itaisha. Nilikosea, na ni kosa linaloumiza watu, maana linamtuliza mzazi ambaye mwanawe anaongoza darasani.

Chukua mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa mechi sita, kila moja nafasi yake nusu kwa nusu; ukikosea hata mechi moja, mkeka umechanika. Kijana wa miaka 15 atakuambia bila kalamu kwamba mkeka unatoka, yaani mechi zote sita zinatimia, mara 1 katika 64. Anajua, na bado anabeti. Asichokitazama ni hesabu ya pili: mkeka huohuo unachanwa na timu moja tu mara 6 katika 64. Yaani kwa kila ushindi mmoja, atakosakosa mara sita.

Na kukosakosa ndiko kunakonasa. Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Cambridge walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mashine ya kamari. Kukosa padogo kuliamsha maeneo yaleyale yanayoamshwa na ushindi. Wachezaji walisema kuliwaudhi kuliko kukosa kabisa, lakini pale walipojichagulia wenyewe picha ya kuchezea, kuliwazidishia hamu ya kuendelea.

Ubongo haufanyi upumbavu hapo. Anayejifunza penalti, mpira wake ukigonga mwamba, amepata habari ya kweli: mguu umekaribia, arekebishe kidogo. Mpira uliopaa juu haumfundishi kitu kama huo. Ndivyo tulivyojifunza karibu kila ufundi. Kamari inaupa ubongo mwamba ule ule, ila safari hii hakuna mguu wa kurekebisha. Mkeka wa kesho haujui wa jana ulichanwa na nani.

Mtu mzima naye hunaswa. Tofauti ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwambia mtu "basi, inatosha", huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, wakati kiu ya zawadi inawaka tangu balehe.

Kwa hiyo miaka 18 ya sheria za kamari si mpaka wa kibiolojia. Uingereza iliruhusu bahati nasibu ya taifa kwa miaka 16 hadi 2021. Ubelgiji ilipandisha umri wa kubeti hadi 21 mwaka 2024. Ni kweli pia kwamba waraibu wengi walianza mapema, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba kuanza mapema ndiko kulikowaponza: huenda wenye pupa ndio huwahi kuanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya michezo ya kompyuta: unalipa bila kujua kilichomo. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba baadhi yake ni kamari. Katika baadhi ya michezo hiyo picha huzunguka, hupunguza mwendo, kisha husimama hatua moja baada ya zawadi adimu, mbele ya mtoto wa miaka 10 ambaye hakuna aliyemuuliza umri wake.