Kukodi taasisi ya nje ilete maendeleo: yanayosemwa na yalivyo

Wengi wanadhani halmashauri ikishasaini mkataba na taasisi iliyo nje ya halmashauri ishughulikie uchumi wa eneo, mzigo umehama. Kilichohama ni kazi tu. Ardhi, barabara, maji na vibali bado viko kwa halmashauri, na lawama pia.

Alafu kuna hii, eti ajira zikitangazwa ndo zimepatikana. Angalieni Wisconsin kule Marekani. 2011 jimbo lilifuta wizara yake ya biashara na kazi ikapewa shirika lenye bodi yake, 2017 ukasainiwa mkataba na Foxconn, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya elektroniki, wenye ahadi ya ajira hadi 13,000, ilipofika 2021 ukaandikwa upya zikabaki 1,454. Jimbo angalau lilikuwa limeweka sharti kwamba kampuni inapewa nafuu ya kodi ajira zikishaonekana, ila serikali za mtaa, yaani kijiji cha Mount Pleasant na kaunti yake, walishanunua ardhi na kujenga miundombinu kwa mamilioni ya dola kabla kiwanda hakijasimama. Aliye chini ndo alitangulia kulipa, na hili linaniuma sana maana hela ile ni ya wananchi.

Na ile ya kwamba sekta binafsi itabeba nusu ya gharama? Jimbo la Florida, hukohuko Marekani, waliunda taasisi ya kukuza uchumi, Enterprise Florida, kwa matumaini hayo, lakini hela nyingi ziliendelea kutoka kwa walipa kodi, na 2023 bunge la jimbo likaivunja, kazi zikarudi serikalini.

Wengine watakwambia ni taasisi binafsi, hesabu zake hazikuhusu. JobsOhio, taasisi binafsi ya kukuza uchumi huko Marekani, inaendeshwa kwa faida ya mauzo ya pombe kali ambayo zamani ilikuwa inaingia hazina ya jimbo la Ohio, alafu sheria ikaitoa kwenye wajibu wa kufungua nyaraka zake kwa umma. Sasa inakuwaje isikuhusu!

Ila kusema taasisi hizi hazifai kabisa nayo si kweli. Halmashauri ndogo yenye ofisa mmoja wa uchumi haiwezi kutafuta wawekezaji peke yake, ikiungana na jirani zake wakakodi watu wenye uzoefu inasaidia. Cha muhimu mkataba useme malipo yanafuata ajira zilizohakikiwa, ripoti ziwe wazi kwa wananchi, na data zote pamoja na orodha ya wawekezaji zibaki kwa halmashauri siku mkataba ukiisha.