Usingizi wa kiangazi hausababishwi na baridi

Nimechoka kusikia waongoza watalii hapa Arusha wakiwaambia wanafunzi kwamba yule chura mkubwa wa nyikani "analala majira ya baridi". Sivyo. Huo ni usingizi wa kiangazi: mnyama anajifukia ardhini, mwili unapunguza kazi zake, anangoja mvua.

Kosa linakotoka nakujua. Masika yakiisha Mei, vidimbwi vinakauka. Juni baridi inashuka kutoka Meru, tunavaa makoti, na chura haonekani tena. Ukame na baridi vimeingia pamoja, lawama ikabebwa na baridi peke yake. Lakini nenda Longido mwezi Septemba. Baridi imekwisha, jua linachoma, vumbi linapaa, na chura bado yuko chini. Angekuwa anakimbia baridi, si angekwisha kutoka?

Neno lenyewe limeshasema. Kiangazi ni ndugu wa anga, mwanga na angaza. Ni majira ya anga jeupe lisilo na wingu la mvua. Wanasayansi wa Ulaya walipotafuta jina la tabia hii walichukua aestas, Kilatini cha majira ya joto. Kilatini kinataja joto, Kiswahili kinataja anga lililokauka, na kwa chura huyu Kiswahili ndicho kilicholenga. Ndiyo maana inaniuma tukikiacha.

Tena "kulala" ni kumpunja. Miguu yake ya nyuma ina kinundu kigumu kama jembe, anachimba kinyumenyume. Akishafika chini, tabaka za ngozi yake zinakauka juu ya mwili na kuwa ganda linalozuia maji yasipotee, pua tu zikibaki wazi. Maji ya akiba yamo kibofuni. Mvua kubwa ikinyesha analichana ganda na kulila. Kisha dume, ambaye huweza kupita kilo 1, analinda viluwiluwi. Dimbwi lao likianza kukauka anawachimbia mfereji hadi kwenye maji mengi. Wenzetu wa Moshi waliokulia kando ya mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, watamwelewa haraka.

Basi, ndugu zangu waongoza watalii, Juni mkiulizwa chura yuko wapi, semeni amejifukia kwa kukosa maji. Watoto wakiuliza "mpaka lini?", waonyesheni mawingu.