Picha za rangi za FSA ni picha gani?

Picha za rangi za FSA ni slaidi (vipande vya filamu vinavyotazamwa kwenye mwanga) zipatazo 1,600 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali ya Marekani kati ya 1939 na 1944, zile za mwanzo hasa vijijini na katika miji midogo, na zile za baadaye hasa katika viwanda na reli za wakati wa vita. Waliomo katika zile za mwanzo ni wakulima wasio na ardhi yao, vibarua wa pamba na viazi, familia zilizohama kwa sababu ya ukame, na watu wa kawaida waliokutwa dukani, shuleni au kwenye maonyesho ya kilimo. Rangi unazoziona ndizo zilizoingia kwenye kamera siku ile ile. Hakuna mtu aliyezipaka baadaye.

Jambo hilo nalitanguliza kwa makusudi. Wengi wetu tumezoea kuziwaza enzi zile kama enzi za kijivu, kwa sababu picha zake karibu zote ni za nyeusi na nyeupe. Umaskini wa kijivu ni rahisi kuuona kama jambo la kale lisilotuhusu. Ukiuona una nguo ya maua, shingo iliyoungua kwa jua na kopo jekundu mezani, unakuta ni watu kama wa mtaani kwako.

FSA ni kifupi cha Farm Security Administration. Kuielewa inabidi kurudi nyuma kidogo. Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Vijijini maumivu yalikuwa na sura yake: bei ya pamba, ngano na mahindi iliporomoka, benki zikachukua mashamba ya walioshindwa kulipa mikopo, kisha kwenye nyanda za Oklahoma, Kansas na Texas ukaja ukame na dhoruba za vumbi zilizopeperusha udongo wa juu wa mashamba. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda chombo cha kuwasaidia wakulima maskini mwaka 1935, na mwaka 1937 ndicho kilichogeuzwa kuwa FSA. Kazi yake ilikuwa kuwakopesha wakulima fedha, kuwatafutia ardhi bora na kujenga kambi za vibarua wanaohamahama.

Misaada hiyo ilikuwa na wapinzani wengi, hivyo walipakodi walitakiwa kuonyeshwa kwa nini inahitajika. Hapo ndipo kilipoingia kitengo cha picha chini ya Roy Stryker, mtu aliyewahi kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Columbia na ambaye mwenyewe hakuwa mpiga picha. Aliwatuma watu kama Walker Evans, Dorothea Lange, Russell Lee, Marion Post Wolcott na Jack Delano kuzunguka nchi nzima kwa gari, na kabla ya safari aliwapa orodha ya mambo ya kutafuta. Kitengo hicho kikaacha negativi, yaani filamu ambazo giza na mwanga vimegeuzwa na ambazo picha huchapwa kutokana nazo, zaidi ya 170,000 za nyeusi na nyeupe. Picha maarufu kuliko zote, ile ya Lange ya mama na wanawe kambini Nipomo, California, ya Machi 1936, ni ya nyeusi na nyeupe. Za rangi ni tone tu ndani ya mkusanyo huo.

Uchache huo ulitokana na filamu yenyewe. Iliyotumika ni Kodachrome, iliyobuniwa na Leopold Mannes na Leopold Godowsky, wawili waliokuwa wanamuziki, mmoja mpiga piano na mwingine mpiga fidla. Kampuni ya Kodak iliitoa mwaka 1935 kwa kamera za sinema, na mwaka uliofuata kwa kamera ndogo za picha. Ilikuwa na tabaka tatu zilizolaliana: moja hunasa mwanga wa buluu, nyingine wa kijani, nyingine mwekundu. Lakini ndani ya tabaka hizo hakukuwa na rangi yoyote. Kimsingi zilikuwa filamu tatu za nyeusi na nyeupe katika ukanda mmoja. Rangi ziliingizwa wakati wa kusafisha, tabaka moja baada ya nyingine, kwa hatua nyingi zilizotaka joto sahihi na muda sahihi kabisa. Maabara ya FSA mjini Washington, iliyosafisha negativi kwa maelfu, haikuweza kazi hiyo. Filamu ilibidi ipelekwe kwa Kodak wenyewe. Kilichorudi kilikuwa slaidi, yaani picha kamili ambayo ukiinyanyua kwenye mwanga unaiona vile vile ilivyokuwa, bila kupitia negativi.

Tatizo la pili lilikuwa kasi, yaani wepesi wa filamu kunasa mwanga. Kwa kipimo cha ISO tunachokitumia leo, filamu hiyo ilikuwa karibu na 10. Simu yako ukiipigia picha sebuleni usiku hupanda yenyewe hadi mamia au maelfu. Maana yake Kodachrome ilihitaji jua la kutosha, la sivyo mpiga picha awashe balbu za flashi. Ukishalijua hilo, mengi katika picha hizi yanaeleweka. Nyingi zimepigwa nje, anga likiwa wazi. Watu wamesimama wametulia, wengine wamekunja nyuso kwa mwanga. Utulivu ambao mtu angeudhani ni huzuni, mara nyingine ni kusubiri tu kamera imalize.

Tena magazeti ya wakati ule yalichapwa kwa nyeusi na nyeupe, na kuchapa rangi kulikuwa ghali. Picha ya rangi ya kijiji cha mbali haikuwa na pa kwenda. Kwa hiyo wapiga picha walibeba filamu ya rangi pembeni, wakaitumia hapa na pale, na kazi waliyotumwa wakaifanya kwa filamu ya kawaida.

Mahali panapoonyesha vizuri zaidi matokeo yake ni Pie Town, New Mexico, kijiji cha nyanda za juu, karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, kilichopata jina lake kutokana na pai za matunda zilizokuwa zikiuzwa hapo. Russell Lee alifika huko mwaka 1940. Wakazi walikuwa wakulima wadogo, wengi kutoka Texas na Oklahoma, waliokuja kuanza upya kwenye ardhi ambayo serikali iliigawa. Hawakuwa na mtaji. Walilima mahindi na maharage, na baadhi yao waliishi kwenye nyumba zilizochimbwa nusu ardhini, zikaezekwa kwa magogo na udongo.

Katika nyumba moja ya namna hiyo Lee alipiga picha ya baba, mama na watoto watano. Familia hiyo ilikuwa imefika chini ya mwaka mmoja uliopita, bila pesa, na ilikuwa ikilima kwa mikono. Maelezo aliyoyaandika Lee yana jambo moja ambalo haliniachi: dirisha kubwa la nyumba hiyo lilikuwa kioo cha mbele cha gari, gari lile lile bovu lililowaleta kutoka magharibi ya Texas. Gari lilipokufa, kioo chake kikawa dirisha. Picha ya rangi haiwezi kukuambia hilo bila maandishi, na maandishi peke yake hayawezi kukuonyesha rangi ya nguo za watoto wale zilizofubaa. Ndiyo maana picha hizi nashauri zisomwe pamoja na maelezo yake, ambayo wapiga picha waliyaandika kwa uangalifu mkubwa.

Hapo hapo Pie Town, Oktoba 1940, Lee alipiga watoto wa shule wakiimba, na wanakijiji wakiomba kabla ya kula nyama ya kuchoma kwenye maonyesho yao ya mwaka, kisha wakigawiwa maharage. Hizi nazipenda kuliko zile za huzuni. Mtu aliyefilisika huimba pia, huvaa nguo yake nzuri siku ya sherehe, hupanga foleni ya chakula akicheka na jirani. Kwa mama wengi wa miaka ile hata hiyo nguo nzuri ilikuwa na historia: viwanda vya unga na vya chakula cha mifugo vilifungasha bidhaa katika magunia ya pamba yenye maua na mistari, vikijua kabisa kwamba gunia likiisha litashonwa gauni. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, kitambaa hicho huonekana kama madoa tu.

Kaskazini kabisa, jimboni Maine, Jack Delano alipiga watoto wakiokota viazi kwenye shamba kubwa karibu na Caribou, mwezi huo huo wa Oktoba 1940. Maelezo yake yanasema shule hazifunguliwi mpaka viazi viishe kuvunwa. Juni 1941 alikuwa Georgia, katika Greene County, akipiga watu Weusi wakipalilia pamba kwa jembe kwenye ardhi ya kukodi. Wakulima wengi wa kusini, Weusi kwa Weupe, walikuwa wakilima ardhi ya mtu mwingine kwa kodi au kwa kugawana mavuno, na mwisho wa msimu wengi walijikuta wana deni dukani kuliko walichopata shambani. Juu ya hilo, Weusi walikuwa chini ya sheria za ubaguzi. Marion Post Wolcott naye alipita Mississippi mwaka 1939 na Louisiana mwaka 1940, akapiga vibarua wa kutwa wakichuma pamba karibu na Clarksdale, na duka la njia panda pale Melrose lililokuwa pia baa, ukumbi wa dansi na kituo cha mafuta.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Picha hizi huitwa mara nyingi picha za rangi za Mdororo Mkuu, yaani ule mporomoko wa uchumi ulioanza 1929, lakini ukitazama tarehe utaona zilianza 1939, wakati miaka mibaya kuliko yote ilikuwa imepita. Njaa ya ardhi na madeni bado ilikuwepo vijijini, ndiyo, ila uchumi ulikuwa unainuka, na baada ya muda mfupi ukainuliwa na viwanda vya silaha. Mwaka 1942 kitengo cha Stryker kilihamishiwa kwenye ofisi ya serikali ya habari za vita, na kazi ikageuka. Sehemu kubwa ya slaidi za baadaye ni za viwanda vya ndege, reli na wanawake waliochukua kazi za wanaume waliokwenda vitani. Delano aliwapiga wanawake wasafisha injini za treni wakila chakula cha mchana huko Clinton, Iowa, Aprili 1943, na ni picha nzuri sana, lakini si picha ya umaskini. Anayezichanganya zote na kuziita za Mdororo anampotosha msomaji.

Wala tusidhani kwamba rangi imeziondolea picha hizi upande. Zililipiwa na serikali iliyotaka kutetea mipango yake, kisha kutetea vita yake. Mpiga picha ndiye aliyeamua nani asimame wapi. Kwangu hilo haliziharibii thamani, ila linamtaka mtazamaji aulize nani alituma kamera na kwa nini.

Mwaka 1944 mkusanyo wote ulikabidhiwa Maktaba ya Bunge ya Marekani. Za nyeusi na nyeupe ziliendelea kutumika vitabuni. Za rangi zililala humo kwa zaidi ya miaka thelathini kabla watafiti hawajaanza kuziulizia tena. Usingizi huo uliziokoa. Kodachrome ikisafishwa haibakiwi na kemikali za kutengenezea rangi ndani yake, na ikiwekwa gizani rangi zake hudumu kuliko filamu nyingi za rangi zilizokuja baadaye. Zilizolala ndizo zilizotoka na wekundu na buluu yake. Januari 2008 maktaba iliziweka kwenye Flickr, mtandao wa kuonyeshana picha, na watu wa kila nchi wakaziona. Kwa kuwa zilipigwa na watumishi wa serikali wakiwa kazini, hazina hakimiliki: unaweza kuzipakua na kuzichapisha bila kumlipa mtu, ingawa kumtaja mpiga picha ni haki yake.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu picha zilizotiwa rangi kwa kompyuta. Zimejaa mitandaoni, na yule mama wa Nipomo amevalishwa kila rangi. Rangi hizo ni makisio ya mtu au ya programu, na hazina uhusiano na Kodachrome. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutafuta picha yenyewe kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge na kusoma namba yake. Slaidi halisi za mkusanyo huu zina herufi fsac ndani ya namba, ile c ya mwisho ikiwakilisha rangi (color kwa Kiingereza), wakati za nyeusi na nyeupe huandikwa fsa peke yake. Ukikuta picha ina rangi ilhali namba yake ni ya kundi la nyeusi na nyeupe, jua rangi hiyo imetiwa miaka mingi baada ya tukio.