Ute wa kijani kwenye tangi la maji: sukari isiyo na utamu

Pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa tangi lililo wazi juani. Ule utelezi wa kijani si tope. Ni mwani wa maji baridi, viumbe vidogo kama klorela na spirogira, pamoja na ute vinaoutoa. Kikemia, ute huo ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, ingawa ulimi hauonji utamu wowote.

Zanzibar ukitaja mwani, watu hufikiria spinosamu na kotoni, aina za baharini zinazolimwa kibiashara tangu 1989. Hiyo ni mwani mwekundu. Ute wake, uitwao karajinani, hukaa ndani ya kuta za seli, na kwa sehemu kubwa ni sukari ya galaktosi iliyobeba salfeti (salfa na oksijeni). Mwani wa kijani wa maji baridi ni habari nyingine. Tukiuvunja ute wake kwa asidi maabara, hutoka mchanganyiko wa sukari: galaktosi, glukosi, manosi, arabinosi, zailosi, ramnosi, fukosi, na mara nyingi asidi za uroniki, yaani sukari zenye asili ya asidi. Salfeti kwa kawaida huwa kidogo au haimo kabisa. Viwango hutofautiana kwa spishi, na hata kwa spishi moja kadiri inavyozeeka. Basi mtu akikutajia fomula moja ya ute wa mwani, muulize: mwani gani?

Na kwa nini mwani umwage sukari yake? Jua likiwaka, usanisinuru huendelea hata naitrojeni au fosforasi ikiadimika majini. Seli haziwezi kukua vizuri bila virutubisho hivyo, kwa hiyo sukari ya ziada hutolewa nje.

Kwangu mimi, jambo kubwa ni zile asidi za uroniki. Zina chaji hasi, hivyo hunasa metali kama kalsiamu, shaba na risasi. Maji ya visima vingi vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba kalsiamu, ileile inayoacha ukoko mweupe kwenye birika la chai. Kalsiamu hiyo huunganisha mnyororo na mnyororo, ute ukashikamana, kuubandua ikawa kazi.

Bakteria nao hujibanza humo na kujilisha. Ukitia dawa ya klorini, sehemu yake huishia kwenye ute kabla ya kuwafikia. Sugua kwanza kwa brashi, mwaga, suuza, ndipo utie dawa. Kisha funika. Bati linafaa, nailoni nyeupe haifai, mwanga unapita.