Maji yakionyesha chini

Mtu wa Kigoma akitaka kujua kama maji ya ziwa ni mazuri, huangalia kama yanaonyesha chini. Si kipimo kibaya. Hata sisi wapima maji tunacho: disk ya Secchi, sahani nyeupe na nyeusi tunayoishusha kwa kamba mpaka ipotee machoni. Ina jina la Angelo Secchi, padri Mwitaliano aliyeitumia mwaka 1865. Katikati ya Ziwa Tanganyika huweza kupita mita 10 ikiwa bado inaonekana. Mbele ya mdomo wa Mto Luiche wakati wa masika, inapotea mara tu inapozama.

Lakini disk haitenganishi tope na mwani, yaani vimea vidogo vinavyoelea majini. Tope la milima iliyokatwa miti huziba mwanga na kufunika mawe wanayojilishia samaki wa kandokando. Mwani ni chakula. Ndiyo maana baada ya disk nashusha wavu wa planktoni, yaani wa kunasa viumbe vidogo vinavyoelea majini, kisha natazama sampuli kwa hadubini.

Kwenye maji safi ya kilindini sikutani na aina nyingi za wanyama. Wanaotawala ni kopepoda, wadogo kuliko punje ya mtama. Jike la Mesocyclops, mmoja wa kopepoda hao, ana jicho moja jekundu kichwani na vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mkia. Viroboto-maji, wanaojaa katika maziwa mengine, huko hawapo kabisa. Sasa nikichota karibu na mfereji wa mji nikaona rotifera (vijinyama vidogo mno) wamejaa na yuglena (viumbe vya seli moja) nao wamo, orodha yangu imerefuka, lakini sifurahi hata kidogo: hiyo ni dalili ya majitaka. Wingi wa aina usikudanganye, uliza kwanza ni akina nani.

Kopepoda hao ndio wanaomlisha dagaa. Mchana huzama, usiku hupanda, na dagaa huwafuata. Wavuvi wa Kibirizi nao huwangojea na taa zao usiku wa giza. Uvuvi ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mazungumzo yote yalikuwa ya samaki na nyavu. Nilitamani sana tuzungumzie na malisho, yaani mwani unaolisha kopepoda. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na virutubisho hubaki vimefungiwa kilindini. Utafiti uliotoka mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20 kwa sababu hiyo. Kufunga ziwa kunampumzisha dagaa, hakumwongezei chakula.

Upepo wa kiangazi ukitulia, huenda ukaona utando wa kijani juu ya maji yaliyotulia. Mara nyingi ni sianobakteria, bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao hutoa sumu. Usichote hapo maji ya kunywa, wala usitegemee kuyachemsha: moto huua vijidudu, sumu hiyo hubaki.