Namba ya toleo: kwa nini 3.10 inakuja baada ya 3.9

Julai, karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi alinipigia simu, wakulima wamepanga foleni kwenye mzani: ripoti ya kilo inatoa sifuri tupu. Nilikuwa Mbeya mjini, na kosa nililijua kabla hajamaliza kueleza. Siku mbili nyuma nilikuwa nimetoa toleo 1.4.3 la programu huria tunayoiandika watu watatu, na humo nimebadilisha jina la safu ya "kilo" kuwa "uzito". Kwa namba ile, karani aliamini ni marekebisho madogo. Akaiweka bila wasiwasi.

Namba ya toleo ni ahadi kwa mtumiaji. Utaratibu unaofuatwa na wengi, alioupendekeza Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana kuandika programu, una tarakimu tatu. Ya mwisho hupanda mkirekebisha hitilafu. Ya kati hupanda mkiongeza kitu kipya bila kuvuruga cha zamani. Ya kwanza ndiyo nzito: hupanda mkibadilisha jambo litakalomlazimu mtumiaji naye abadilishe kwake. Toleo langu lilistahili kuitwa 2.0.0. Toleo likishatoka halifanyiwi ukarabati kimyakimya chini ya namba ileile, kwa hiyo jioni ile nilirudisha "kilo" na kutoa 1.4.4.

Nukta hizo si za desimali. Lugha ya kuandikia programu ya Python, toleo 3.9, ilitoka Oktoba 2020, na 3.10 ikafuata Oktoba 2021. Ni tisa, kisha kumi. Watengenezaji wa Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, wao husoma kalenda: 24.04 ni Aprili 2024.

Sasa ratiba. Mradi unaweza kutoa toleo kazi ikiisha, au tarehe ikifika. Mimi nasimama na tarehe. Tunaojitolea tunaandika usiku baada ya shughuli za mchana, na "tukimaliza" yetu inaweza kuchukua mwaka mzima. Tarehe ikiwekwa, kazi ambayo haijaiva inasubiri toleo lijalo, kama abiria aliyekosa basi. Toleo jipya la kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo, hutoka kila baada ya wiki 9 au 10: mbili za mwanzo hupokea mambo mapya, zinazobaki ni za kujaribu na kurekebisha.

Lakini tarehe ya nani? Sisi tulifuata kalenda yetu wenyewe, tukaangukia katikati ya mavuno. Siku hizi toleo kubwa linatoka Februari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na mizani ya kahawa imepumzika. Machi na Aprili makarani wanalijaribu kwa takwimu za msimu uliopita. Kuanzia Mei mpaka kahawa ya mwisho ipimwe, tarakimu ya tatu pekee ndiyo inaruhusiwa kupanda.

Jina "uzito" linasubiri Februari.